Wao Waliachwa Huru, Sisi Tulipata Uhuru

Katika kijiji cha Fumba, kusini mwa Unguja, mnamo mwaka 1880 alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Halikuwa jina la utani. Ndilo alilopewa na wazazi wake, watu waliotoka katika ukoo uliopitia utumwani, na ndilo aliloitikia alipokuwa akitembeza vyungu vya mama yake na kuvinadi kwa sauti ambayo baadaye ingevuka bahari. Aliingia mjini mwaka 1911, akajifunza uimbaji wa taarabu, na huko akapewa jina jingine: Siti, bibi wa heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa jina hilo la pili. Shaaban Robert naye, alipoandika maisha yake, kitabu alikiita Wasifu wa Siti binti Saad.

Kati ya Mtumwa na Siti kuna hatua ambayo Kiswahili cha leo hakina nomino moja iliyoshika ya kuitaja. Warumi walikuwa na neno libertus, Waarabu wana mawla, Wafaransa wana affranchi, Waingereza wana freedman. Sisi tunatumia kishazi kizima: mtumwa aliyeachwa huru. Tumekizoea mno hata hatukisikii tena. Kimo katika vitabu vya historia vya shule, kimo midomoni mwa wanaoongoza watalii Mkunazini na Bagamoyo, na mimi mwenyewe nimekiandika mara nyingi bila kusita. Hapa nataka tukisome kama tunavyosoma ubeti wa shairi, silabi kwa silabi, tukiuliza kila kiambishi kimekaa pale kwa kazi gani na kinamsemea nani.

Tuanze na mtumwa. Mzizi ni -tum-, wa kutuma. Kiambishi m- kinasema huyu ni mtu, -w- inasema kauli ni ya kutendwa. Mzizi huohuo umezaa neno mtume. Yaweke maneno haya mawili ubavu kwa ubavu: yote mawili yanamtaja mtu aliyepelekwa na mwingine, na kinachoyatenga ni mkia tu. Mtume ana tamati -e, ile ile ya mteule, kiumbe na mkate, yaani aliyeteuliwa, kilichoumbwa, uliokatwa. Tendo limekwisha kutendeka na limemwachia mtu hadhi yake. Mtumwa amebaki na -w- ya kitenzi, kana kwamba kutumwa kwake hakujafika mwisho: anatumwa leo, atatumwa kesho, na anayemtuma hatajwi. Kisha mtazame mtumishi, ndugu yao wa tatu. Huyu ana tamati -i ya mtenda, kama mpishi na msomi. Anafanya kazi, anadai mshahara, na akichoka anaweza kuandika barua ya kuacha. Watu watatu, mzizi mmoja, na silabi ya mwisho ndiyo inayoamua nani ataheshimiwa, nani atalipwa, na nani atanunuliwa.

Maneno mengine ya jamaa hii nayo yanafichua mengi ukiyakagua. Mateka hana hata kiambishi m- cha mtu. Amepewa ma-, umbo la mapato na mavuno, vitu vinavyorudi nyumbani baada ya kazi ya mtu mwingine. Mzalia ni aliyezaliwa humo humo utumwani, pwani, kwa hiyo alijua lugha na dini, na hilo lilimpandisha daraja kidogo. Mjinga, tusi tunalolirusha leo bila kufikiri, zamani pwani lilimhusu pia mtumwa aliyefikishwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala mila za mji. Hakuwa amekosa akili. Alikuwa amekosa kwao. Na kibarua, anayesubiri kazi ya kutwa pale njiapanda, amebeba jina la kikaratasi, barua ndogo, chenye historia inayorudi hadi kwa watumwa wa Unguja na Mombasa waliokodishwa kwa siku na kumpelekea bwana sehemu ya ujira wao. Tunaposema kibarua kimeota nyasi tunaomboleza ajira, na wala hatujui kwamba tunakikanyaga kikaratasi hicho.

Katika orodha hii maneno mawili yananigusa kuliko mengine. La kwanza ni mjoli. Wanaosoma Biblia ya Kiswahili wamelikuta katika Mathayo sura ya 18, katika mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akaenda kumkaba mwenzake kwa deni dogo. Mjoli ni mtumwa mwenzako, mliye chini ya bwana mmoja. Maneno mengine yote yanamtazama mtumwa kutoka juu, kwa jicho la mwenye mali. Mjoli linamtazama kutoka pembeni, kwa jicho la aliyelala naye kibanda kimoja. Ni neno walilohitaji wao kwa wao.

La pili ni mtoro. Limetokana na kutoroka, na kutoroka ni kitenzi kisichohitaji yambwa wala kauli ya kutendwa. Hakuna aliyemtorosha mtoro. Katoroka mwenyewe, kwa miguu yake. Kati ya maneno yote tuliyorithi kutoka zama zile, hili ndilo ambalo kitenzi chake kiko mikononi mwa aliyekuwa mtumwa. Lakini angalia tulivyolitunza. Leo mtoro ni mwanafunzi aliyekosa shule bila ruhusa, au askari aliyekimbia kambi. Neno limebaki na mtazamo wa bwana aliyeamka asubuhi akahesabu watu wake, akakuta mmoja hayupo. Jambo la ushujaa kuliko yote alilopata kulifanya mtu huyo, lugha imeliandika katika daftari la makosa.

Sasa turudi kwenye kishazi chetu. Kivunje kitenzi chake katika wingi: wa-li-o-ach-w-a. Watu, wakati uliopita, kirejeshi, kuacha, kutendwa. Mbele yake limesimama neno watumwa, nalo ndilo nomino kuu. Uhuru umekuja nyuma, ndani ya kishazi tegemezi, kama mgeni aliyekaribishwa barazani asivuke kizingiti. Mtu anaweza kuishi miaka 40 akiwa huru, akajenga, akaoza mabinti, akazikwa na watu wengi, na sentensi bado ikamtaja mtumwa kwanza.

Kitenzi chenyewe ni kuacha. Huachwa kile kilichokuwa kimeshikwa. Mtu huacha sigara, huacha mzigo njiani, na mume huacha mke. Huku pwani kuachwa kwa mtumwa na kuachwa kwa mke ni neno moja, na mfanano huo ulikuwa na uzito wa kisheria. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria. Ukiisoma amri ile kwa makini utaona kwamba haikutamka kuwa watumwa wote ni huru tangu siku hiyo. Ilisema mahakama hazitatambua tena madai ya mtu kummiliki mtu. Aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende mwenyewe kuudai, na akishatambuliwa kuwa huru aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, asije akahesabiwa mzururaji. Mabwana walilipwa fidia. Masuria waliwekwa kando, wakahesabiwa kama wake wa nyumbani, na wengi wao walisubiri hadi amri nyingine ya mwaka 1909. Kwa suria kitenzi kuacha kilikuwa na kufuli mbili: hakuachwa kama mtumwa kwa sababu alihesabiwa mke, wala hakuweza kuondoka kwa urahisi kama mke aliyeachwa kwa sababu alikuwa ameingia kama mtumwa.

Sasa linganisha na jambo jingine tunalolisema kila mwaka. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru. Ilipata. Kupata ni kitenzi cha mtenda: anayepata ameutafuta, ameunyoshea mkono, ameutia kwapani. Sijapata kusikia hotuba hata moja ikisema Tanganyika iliachwa huru na Waingereza. Angesema hivyo mtu, tungemsahihisha papo hapo, na tungekuwa na haki. Lakini kwa babu wa babu zetu tumeridhika na kuachwa. Neno uhuru ni lile lile na pwani ni ile ile. Taifa limepewa kitenzi cha mkono ulionyoshwa, na mtumwa amepewa kitenzi cha mkono wa mwingine uliolegea.

Mkono huo hauko katika Kiswahili peke yake. Warumi waliita tendo la kumwacha mtumwa huru manumissio, kutoka manus, mkono, na mittere, kutuma au kuachia. Ni kutuma kutoka mkononi. Hapa lugha mbili zinakutana na kupeana kisogo: kwa Waswahili kutumwa ndiko utumwa, kwa Warumi kutumwa ndiko kufunguliwa. Hata neno emancipation, wanalolitumia Waingereza na Wafaransa kwa ukombozi wa kila aina, ndani yake mna mkono na kushika. Mshikaji hajatoka katika picha. Amefungua vidole tu.

Nenda kwenye makaburi ya Kirumi utaona sarufi hiyo imechongwa katika jiwe. Raia aliyezaliwa huru aliandikwa jina lake, kisha herufi ya kwanza ya jina la baba yake, kisha F, ya filius, mwana. Marcus Tullius Cicero, msemaji mashuhuri, ni M. f., mwana wa Marcus. Katibu wake, aliyekuwa mtumwa wake kisha akaachwa huru mwaka 53 kabla ya Kristo, akawa Marcus Tullius Tiro. Majina mawili ya mbele ni ya bwana, na kwa utaratibu wa Kirumi yeye ni M. l., libertus wa Marcus. Tazama nafasi ile. Mahali pa baba pamekaa bwana, na mahali pa F pamekaa L. Mtumwa hakuwa na baba machoni pa sheria, basi siku aliyofunguliwa alipewa bwana wake ashike nafasi hiyo. Aliyeachwa na mwanamke aliandikiwa C iliyogeuzwa kisogo, alama iliyosimama badala ya mwanamke yeyote, hata jina la bibi yake lisionekane. Herufi moja, pana kama ukucha, inamwambia kila mpita njia karne 20 baadaye: huyu alikuwa wa mtu.

Wagiriki walisema apeleutheros, na kiambishi apo ni "kutoka kwa": aliye huru kutoka kwa fulani. Kule Delphi, katika ukuta ulio chini ya hekalu la Apollo, zimechongwa hati za watumwa zaidi ya 1,000 walioachwa huru kwa njia ya kuuzwa kwa mungu huyo, kwa kuwa mtumwa mwenyewe hakuweza kufunga mkataba. Nyingi zina kipengele kiitwacho paramone, kubaki kando. Aliyefunguliwa alipaswa kuendelea kukaa na kumtumikia bwana wake, mara nyingi hadi bwana afe. Uhuru uliandikwa kwenye jiwe, na mwenye uhuru akarudi jikoni.

Kiarabu kimelibana jambo hili katika neno moja, mawla. Mawla ni bwana, na mawla ni yule aliyeachwa huru na bwana. Kamba moja ina ncha mbili na ncha zote zina jina moja, kwa sababu walichokitazama ni ule uhusiano, wala, unaobaki kati yao hata baada ya kufunguliwa. Wanafunzi wa hadithi za Mtume wanamjua Nafi, mawla wa Ibn Umar. Mapokezi ya Imam Malik kutoka kwa Nafi, kutoka kwa Ibn Umar, ndiyo wanazuoni walioyaita mnyororo wa dhahabu. Pete ya katikati ya dhahabu hiyo ni mtu aliyepata kumilikiwa, na neno linalolitangaza hilo halikufutwa. Lilibaki juu ya jina lake, na heshima ikajengwa juu yake. Kiswahili kilipolichukua neno hilo kilichukua ncha ya juu tu. Kwetu limekuwa Mola. Ncha ya chini, ya yule aliyeachwa, hatukuipokea, na pengo lake ndilo tunaloliziba kwa kishazi.

Tulipokea kitu kingine badala yake: huru, kutoka hurr ya Kiarabu. Neno hilo hilo lilivuka bahari upande wa pili, likaingia Ureno na kuwa forro, mtu aliyetoka utumwani, na hati yake ikaitwa carta de alforria. Kule São Tomé, kisiwani katika Ghuba ya Guinea, Forro limekuwa jina la watu na la lugha yao. Watoto wanazaliwa Forro, wanasema Forro, na hakuna anayeuliza ni nani aliyemwacha nani. Ndugu wa uhuru wetu amefika Atlantiki akawa kabila. Nalipenda neno hilo kwa sababu linaonyesha kwamba bwana anaweza kutolewa ndani ya neno, watu wenyewe wakiamua kulikalia kama nyumba yao.

Kiingereza kimeweka tofauti yote katika herufi moja. Free ni aliye huru. Freed ni aliyefanywa huru. Marekani mwaka 1865, vita vilipokwisha, serikali iliunda ofisi ya kuwahudumia watu karibu milioni nne waliotoka utumwani ikawaita freedmen, na d ile iliwaandama. Watu weusi ambao mababu zao walitumikishwa na Wacherokee, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, wanaitwa Freedmen hadi leo, na ilipofika mwaka 2017 bado walikuwa mahakamani kudai uraia wa taifa hilo walioahidiwa katika mkataba wa mwaka 1866. Walishinda. Lakini hebu pima urefu wa neno hilo: vizazi vitano au sita vya watu waliozaliwa huru vimebeba jina la tendo alilotendewa babu.

Turudi nyumbani, maana kwetu kuna kitabu kinachostahili kusomwa hivi kuanzia jalada. Mwaka 1934 kilitoka London kitabu cha Kiswahili cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa. Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 na kupewa jina la Bartle Frere, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Baba yake alikuwa mmoja wa watu hao. Wahakiki wengi wamekisema kitabu hiki kwa jinsi kinavyowashukuru Waingereza na kuwabebesha Waarabu lawama yote, na lawama hiyo ina msingi wake. Mimi nataka kubaki kwenye jina.

Uhuru wa Watumwa. Nomino, a-unganifu, nomino. A-unganifu hiyo ni ya umiliki: kitabu cha Juma, nyumba ya mama, uhuru wa watumwa. Sarufi imewafanya watumwa kuwa wenye mali, na mali yao ni uhuru. Maneno mawili yasiyoweza kukaa pamoja katika sheria yamekalishwa pamoja katika maneno matatu, na hakuna bwana katikati yao. Muundo huo huo ndio wa Uhuru wa Tanganyika. Kisha tazama kilichotokea kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1956. Kiliitwa The Freeing of the Slaves in East Africa. Uhuru, hali anayokuwa nayo mtu, umegeuka kuwa kitendo cha kuweka huru, na kitendo kinahitaji mtendaji. Jina la Kiingereza linakulazimisha uulize nani aliwaweka huru, na mwaka 1956 jibu lililotarajiwa lilijulikana. Huenda masimulizi ya Mbotela ndani ya kitabu yanajibu vivyo hivyo. Jalada lake la Kiswahili halijibu hivyo. Katika maneno yale matatu ya juu, mtoto wa Freretown aliandika jambo kubwa kuliko alilolisema kwenye kurasa zake.

Ukipanda matatu Mombasa leo kuelekea Kisauni utamsikia utingo akiita, "Kengeleni! Kengeleni!" Hapo ndipo ilipo kengele ya Freretown, iliyopigwa kuwaonya wakazi wakati wawinda watumwa walipokaribia. Wanashuka wanafunzi, akina mama na mifuko ya sokoni, vijana wa bodaboda. Majina mengi ya historia hii yamemshika mtu na kumbandika aliyemmiliki au aliyemwokoa. Jina hili limeshika kengele, chombo alichokivuta mtu mwenyewe kwa kamba akiwaambia wenzake waamke. Ni kiambishi -ni tu, cha mahali. Lakini mahali hapo palipewa jina la tendo la kujilinda.

Si mbali sana na hapo ni Rabai, na Rabai ndiyo inayonifanya nikikatae kishazi chetu. Miaka ya 1880 misheni ya Rabai ilijaa watoro. Wengine walikuwa wamejijengea makazi yao mbali zaidi, kama Fuladoyo. Mwaka 1888 mabwana wa pwani walidai watu wao, na Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza kutawala pwani, chini ya George Mackenzie, iliamua kuwalipa mabwana hao fidia. Siku ya mwaka mpya 1889 watu zaidi ya 1,400 walikabidhiwa hati za uhuru. Vitabu vinasema siku hiyo waliachwa huru. Lakini pale Rabai walikuwa wamefikaje? Walikuwa wamekwisha kuondoka mashambani usiku, wamekwisha kuvuka mito, wamekwisha kupanda mihogo yao na kuzaa watoto. Hati ilimfikia mtu ambaye kwa mwili wake alikuwa huru miaka kadhaa. Waliochelewa walikuwa sheria na wino. Kusema waliachwa huru tarehe 1 Januari 1889 ni kuitaja siku ambayo fedha ililipwa na kuisahau ile ambayo mtu alitembea.

Sisemi kila mmoja alijikomboa. Mtoto aliyetolewa ndani ya jahazi akiwa na miaka saba, amekonda, hajui hata pepo zinampeleka wapi, alikombolewa na wengine, na kumwambia alitoroka ni kumsingizia. Yuko aliyejinunua kwa akiba ya vibarua vyake. Yuko aliyeandikiwa huru na bwana aliyekuwa kitandani akiogopa kaburi. Yuko aliyeingia mahakamani mwaka 1897 akasimama mbele ya kadhi au mzungu na kudai nafsi yake. Lugha ya haki itampa kila mmoja kitenzi chake: alikombolewa, alijinunua, aliandikiwa huru, alidai, alitoroka. Kishazi chetu kinawakusanya wote katika kiganja kimoja kisha kinakifungua kiganja hicho kwa niaba yao.

Wao wenyewe walifanyaje? Hapa ndipo historia ya lugha inapofurahisha. Wengi hawakujitafutia neno la aliyeachwa. Waliliruka daraja hilo na kulishika neno la juu kabisa, muungwana. Zamani muungwana lilikuwa kinyume halisi cha mtumwa: mtu wa ukoo, asiyeuzwa. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 kutoka Unguja kwenda bara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au waliotoka utumwani, walijiita waungwana. Bara hakukuwa na mtu wa kuwakagua nasaba. Walivaa kanzu, walisema Kiswahili, walijua njia. Walifika Manyema na mto Kongo, na Kiswahili walichokiacha kule mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Lugha nzima imepata jina kutoka kwa neno ambalo sheria ya pwani isingewaruhusu kulitumia.

Kisha neno likageuka kimya kimya kwa wote. Leo muungwana ni mwenye adabu, anayempisha mzee kiti na kurudisha chenji iliyozidi. Tunasema muungwana ni vitendo. Methali hiyo, ukiisoma ukiwa na historia mkononi, ni hukumu iliyotenguliwa: kilichokuwa cha damu kimekuwa cha mwenendo, na kila mtu anaweza kukipata asubuhi ya leo. Kwa miongo mingi Wakenya walilisikia neno hilo redioni kila wiki, katika kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Ungwana? Mtangazaji huyo alikuwa wa ukoo wa Freretown, wa damu ya watu ambao pwani ile iliwahesabu kinyume cha waungwana. Na nchi nzima ilimsikiliza yeye akiuliza ungwana ni nini.

Ndiyo maana jina Siti binti Saad linanitosha kuliko kishazi chochote. Lisome kama tulivyolisoma jiwe la Kirumi. Siti, heshima aliyostahili kwa sauti yake. Binti, mtoto wa kike. Saad, baba yake. Mahali pa baba pana baba. Hakuna L, hakuna d, hakuna mawla, hakuna -w-.

Kwetu sisi tunaoandika, kazi ni ndogo na ni ya kila siku. Tunapoutaja ubaya, kauli ya kutendwa itusaidie: watu waliotekwa, waliouzwa, waliofanywa watumwa. Hapo -w- ina manufaa, kwa sababu inamfanya msomaji aulize na nani, na jibu lipo. Neno mtu litangulie, na utumwa ufuate nyuma kama jambo lililompata. Na tunapofika kwenye uhuru, tukitafute kitenzi alichokitenda mwenyewe kabla hatujaazima cha bwana wake. Kitabu cha shule kinaweza kuandikwa hivi: mwaka 1888 watu zaidi ya 1,400 waliotoroka utumwa walikuwa wakiishi Rabai na jirani zake, tarehe 1 Januari 1889 walipewa hati. Urefu wa sentensi ni ule ule, na mtoto atakayeisoma atajua nani alitangulia kufika.